Pabichi

Plasta imenibana mkono kuanzia kiwiko hadi vidole,
wiki ya tatu sasa,
na kichwa kinaniwasha kana kwamba siafu wamehamia.
Binti yetu Bonaria yuko Torino, haji mpaka Pasaka.
Basi kabaki Bachisio, mume wangu,
fundi vigae mstaafu,
aliyepiga deki nusu ya Cagliari
lakini hajaosha kichwa ila chake,
nacho kina upara tangu tulipompata Bonaria.

Nimeinama kwenye sinki la jikoni.
Maji ya mtaa wetu ni magumu,
yanaacha chokaa kooni mwa birika,
yanaacha chokaa kichwani mwangu.
Kanisugua kwa bidii ya mtu anayelipwa kwa mita.
Povu masikioni. Nikavumilia.
Halafu akalivuta taulo, lile kavu kama gome,
akafikicha huku, akafikicha kule, akarudia pembeni,
hadi nikapiga ukelele:
We Bachisio! Hapa si barazani!

Nimechelewa.
Kwenye kioo cha mlango wa oveni nikajiona:
matimutimu,
kila unywele na safari yake,
hizi kanisani, hizi sokoni,
na mmoja wa mvi, mrefu, umesimama wima utosini
kama mwanafunzi mwenye swali.

"Umependeza," akasema.
Mwongo.

Tukaanza upya. Nikamwambia:
Leta fulana yako kuukuu ya pamba,
ile ya timu iliyoshuka daraja.
Usifikiche. Shika fungu, bana, achia.
Chukua chanuo la meno mapana, anzia nchani,
panda taratibu kuelekea kichwani,
maana ukianzia juu unayashusha mafundo yote
yakafanye mkutano chini.
Krimu, kiasi cha njugu.
Njugu, nimesema, si limau.
Ipake nywele zingali zinadondoka maji.
Kisha, na hili ndilo gumu kuliko yote,
usiguse.

Akanyamaza.
Akakitazama kichwa changu kama alivyozoea kutazama sakafu,
jicho moja kalifumba.
"Mbona hukusema mapema? Hii ni saruji."
"Ni nini?"
"Saruji. Ukiiharakisha kukauka, inapasuka.
Unaifunika gunia bichi,
unaikinga na jua, unaikinga na upepo,
unafukuza watoto, unafukuza paka.
Nilikuwa na miaka kumi na miwili
nilipotia kidole nione kama imeshika.
Baba akanizaba kofi.
Kugusa ni mwiko, akanguruma,
na mwiko wenyewe mkononi mwake, unachuruzika."

Miaka arobaini na mmoja
nimejifungia bafuni kila Jumamosi na nywele hizi,
yeye akibisha: unafanya nini humo?
Nikimjibu: hutaelewa.

Kafunga madirisha yote.
Upepo wa kusini umeanza tangu asubuhi,
ule unaovuka bahari na vumbi jekundu
na kuzifumua hata nywele za sanamu.
Kaniketisha kivulini, fulana nimevikwa kama kilemba,
akavuta kiti, akakaa kulinda.
Peppina wa ghorofa ya juu kaja kuazima ungo wa unga,
kainama anibusu shavuni,
na Bachisio, mkono umenyooka kama kizuizi cha barabara:
"Pabichi hapo!"
Peppina akaruka nyuma, akatazama miguu yake.

Jioni nikaivua fulana.
Upande wa kushoto, nisiseme uongo,
mawimbi yamelala yameshikamana, laini,
kama nilivyokuwa nayo kabla ya uzazi.
Upande wa kulia, nyuma ya sikio,
kuna kishungi kimetimka,
kimetawanyika, kikavu, upana wa kidole kimoja.
Nikakipapasa. Nikamtazama.
Yeye akatazama birika.

Sikumzaba kofi.
Nimelala upande wa kushoto.